NILIFUATA KITUNGUU SAUMU MBULU, NIKARUDI NA ADABU

Haya msomaji wangu, leo nina safari ya kukusimulia na deni la kulipa. Nianze na deni.

Mwaka jana, hapahapa kwenye ukurasa huu, niliandika kwamba kitunguu saumu ni daktari asiyedai mshiko. Nikakisifia ile mbaya. Mafua, kitunguu saumu. Tumbo, kitunguu saumu. Presha, kitunguu saumu. Nilikuwa nimeokota maneno huku na kule, nikayachanganya kama kachumbari, nikapeleka kazi kwa mhariri nikaenda zangu kunywa soda. Washikaji wakanipongeza. Nikavimba kichwa.

Aliyenipongeza kuliko wote ni shangazi yangu wa Magomeni, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu niko darasa la pili. Alichukua mkasi, akakata makala yangu, akaibandika kwa selotepu kwenye mlango wa friji. Kila mgeni akifika kuomba maji ya baridi lazima aisome kwanza. "Haya mambo ameandika mwanangu," anasema, mkono kiunoni.

Sasa Jumapili moja nimekwenda kula pilau, shangazi akanitolea chupa kubwa ya asali imejaa punje za vitunguu saumu. Akasema anakula punje nne kila asubuhi kabla hata ya chai. Ila ana malalamiko: hivi vitunguu vyeupe vikubwa vya kutoka China vinavyouzwa sokoni havina nguvu. Anataka vile vidogo vikali, vya Mbulu.

"Wewe si unatembeatembea na hilo gazeti lako? Nenda kaniletee. Hata vile vidonge vyangu vya presha siku hizi nimevipumzisha."

Mimi nikacheka. Nilisikia, nakwambia ukweli, nilisikia vizuri kabisa. Lakini pilau ilikuwa mbele yangu, nikasema, "Sawa shangazi, nitakwenda." Nikamwambia mhariri nataka kuandika habari za safari, akakubali, nikafunga begi.

MBEZI SAA 12 ASUBUHI

Siku ya safari niliamka saa tisa usiku. Koo lilikuwa linawasha, nikajisemea mtaalamu hawezi kusafiri na mafua. Nikatafuna punje tatu mbichi, nikashushia maji, nikapiga mswaki mara mbili, nikajipulizia pafyumu. Kijana wa mjini, bomba.

Pale stendi ya Mbezi basi likaondoka saa 12 kamili. Kiti changu cha dirishani, pembeni yangu akaja kukaa binti mmoja mrefu, miwani, begi la mgongoni. Nikasema Mungu ananipenda. Nikamgeukia kwa tabasamu: "Mambo dada?"

Dada akarudisha kichwa nyuma kama amepigwa kofi.

"Kaka," akasema taratibu, "samahani, fungua dirisha."

Loh! Nilijikunyata kama kuku wa mvua. Mpaka Kibaha hatukusemeshana. Kufika Chalinze nikajitetea, nikamwambia mbona nimepiga mswaki mara mbili. Akacheka hadi miwani ikashuka. Kumbe anasoma ufamasia hapo Dar, mwaka wa nne, anakwenda kwao Moshi likizo. Na kama hujawahi kukaa na mwanafunzi wa ufamasia saa tisa mfululizo, basi hujapata darasa.

Akaniambia mswaki hausaidii kitu kwa sababu harufu haitoki mdomoni tu. Ukila kitunguu saumu kibichi, tumboni inatengenezwa gesi ya jamii ya salfa ambayo mwili hauivunji upesi. Inaingia kwenye damu, damu inaipeleka kwenye mapafu, na kila ukipumua inatoka. Ndiyo maana mtu ananuka mpaka kesho yake. Ukila tufaa bichi au ukinywa maziwa pamoja na chakula, inapungua. Pafyumu inaongeza tu vurugu.

"Na hiyo harufu," akasema, "ndiyo hiyohiyo dawa unayoisifia."

Hapo nikatega masikio. Akasema punje nzima, ambayo haijaguswa, hainuki. Kisa? Ndani yake kuna kitu kinaitwa aliini kimekaa chumba chake, na chumba cha jirani kuna kimeng'enya kinaitwa aliinezi. Hawakutani. Ukiponda au ukitafuna, kuta zinabomoka, hao wawili wanakutana, papo hapo inazaliwa alisini. Hiyo ndiyo yenye ukali na harufu. Mmea unaitumia kujilinda na wadudu na ukungu, na wataalamu wawili wa Marekani, Cavallito na Bailey, ndio walioitenga mwaka 1944 wakaona inaua bakteria kwenye maabara.

Nikamwambia basi shangazi yangu anazimeza punje nzima na asali. Akatikisa kichwa. Kama anameza bila kutafuna, sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanyiki. Na sisi wapishi wa kutupia punje kwenye mafuta yanayochemka tunakiua kile kimeng'enya kabla hakijakutana na mwenzake. Ponda, acha kwenye kisahani dakika kumi hivi, halafu ndiyo upike. Hapo angalau kitu kinabaki.

FARAO NAYE ALIKUWA NACHO

Pale Korogwe tukashuka kula. Mimi nikaagiza chipsi mayai, yeye akaagiza wali maharage na akaomba maziwa. Akanisogezea glasi. "Ya kwako hiyo. Safari bado ndefu."

Tukaendelea na mazungumzo huku milima ya Usambara inatusindikiza upande wa kulia. Nikataka kumwonyesha kwamba na mimi si mtupu. Nikamwambia kitunguu saumu si cha jana: Howard Carter alipofungua kaburi la Farao Tutankhamun mwaka 1922, vitunguu saumu vilikuwemo, vimezikwa naye zaidi ya miaka 3,000. Nikamwambia kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu, wana wa Israeli wakiwa jangwani wanalia wanavikumbuka vitunguu saumu vya Misri. Nikamwambia vita kuu ya kwanza madaktari walivitumia kwenye vidonda vya askari. Na watu wetu wa pwani wanakiita thomu, jina lililokuja na Waarabu, ndilo huku bara likageuka kuwa saumu. Wala halihusiani na mfungo.

Akanisifu kidogo, halafu akauliza swali moja tu.

"Shangazi yako presha yake ni ngapi?"

Nikabaki kimya.

"Mara ya mwisho amepima lini?"

Kimya. Nikahesabu kwa vidole. Tangu abandike makala yangu kwenye friji kama miezi mitatu ilikuwa imepita.

Hakunikaripia. Alieleza kama anavyoeleza darasani. Presha ya juu ni kubwa kwa watafiti pia, na kitunguu saumu wamekichunguza kweli. Wamekusanya majaribio mengi pamoja, ya watu wenye presha waliopewa vidonge vya kitunguu saumu kwa wiki kadhaa. Ile namba ya juu ikashuka, kwa wastani, kama pointi 8. Si uongo, si uchawi, imeshuka kweli. Lakini ni pointi 8.

"Mtu mwenye 145 hizo pointi 8 zinaweza kumsaidia. Mwenye 190 zitampeleka wapi?"

Kuhusu mafuta mabaya ya damu, ile kolesteroli, akasema Chuo Kikuu cha Stanford kiliwapa watu 192 kwa miezi sita, wengine kitunguu saumu kibichi, wengine vidonge vyake, wengine vidonge visivyo na kitu. Majibu yalitoka 2007: kolesteroli mbaya haikutikisika. Mafua, kuna jaribio dogo la mwaka 2001 lililoonyesha waliotumia waliugua mara chache kuliko wenzao, ila jaribio moja dogo halitoshi kutangazia mji.

Mimi nilikuwa nimeutangazia mji mzima, na picha yangu juu.

Moshi akashuka. Kilimanjaro ulikuwa umejifunika mawingu. Namba ya simu sikuipata, usiniulize. Alichoniachia ni sentensi moja dirishani: "Mpigie shangazi yako akapime." Nikaitikia ndiyo. Kufika Arusha giza limeingia, nimechoka, nikalala. Sikupiga.

PALE WALIPOKATA KONA KWENDA KWA BABU

Kesho yake asubuhi nikapanda basi dogo la kwenda Mbulu. Ukitoka Arusha unafika Makuyuni, hapo njia inagawanyika: ukinyoosha unakwenda Babati, ukikata kulia unaelekea Mto wa Mbu, Karatu na Ngorongoro. Sisi tukakata kulia. Mto wa Mbu kuna ndizi za kila rangi, hadi nyekundu, na watalii wanapiga picha za hata punda aliyelala.

Mzee mmoja niliyekaa naye akanyoosha kidole kwenye njia inayoingia kaskazini. "Hapo ndipo magari yalipokuwa yanakata kona kwenda Samunge, kwa Babu."

Wewe mwenye miaka ishirini pengine ulisikia tu. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo, alikuwa anagawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Watu walikwenda kwa maelfu, kwa mabasi, kwa malori, hata kwa helikopta. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilometa. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za sukari na za UKIMWI wakiamini wamepona. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Mzee akasema yeye alikwenda. Alikunywa kikombe, akafurahi kuona watu, akarudi nyumbani akaendelea na dawa zake za pumu. "Nilifuata baraka," akasema, "sikufuata ujinga."

Nikatazama nje. Basi lilikuwa linapanda ule mlima wa Bonde la Ufa, kona kwa kona, Ziwa Manyara limelala chini kama shuka la fedha. Mandhari bab-kubwa. Lakini moyoni mwangu shangazi alikuwa amekaa, na friji lake.

Nikakumbuka na mwaka 2020, wakati wa korona, tulivyojifukiza nyungu mtaa mzima: majani, malimau, tangawizi, vitunguu saumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa tangazo wakati ule likasema kitunguu saumu ni chakula chenye afya, ila hakuna ushahidi kwamba kinamkinga mtu na korona. Sisi tulisoma nusu ya kwanza tu. Ndivyo tulivyo. Nusu tamu tunaikariri, nusu chungu tunafungia vitumbua.

BASHAY KUNANUKIA

Karatu tukakata kushoto kwenda Mbulu. Vumbi lilitupata sawasawa, nikafika nimekuwa mwekundu kama tofali. Na baridi! Wewe wa Dar chukua koti, usinisikilize mimi niliyekwenda na fulana. Mbulu iko juu milimani, watu wamejitanda mashuka na makoti saa saba mchana.

Huko ni kwa Wairaki, wengine mnawaita Wambulu. Lugha yao si ya Kibantu, huwezi kudokoa hata neno, lakini ukitoa shikamoo unapokelewa kwa Kiswahili safi. Nikachukua bodaboda kwenda Bashay, upande wa Mbulu Vijijini, kijiji ambacho ukitaja kitunguu saumu Tanzania hii wafanyabiashara wanakielewa.

Nakwambia tulianza kunusa kabla hatujafika. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Vitunguu vimeanikwa kivulini, vimefungwa mafungu kwa majani yake, vidogo, ganda lina wekundu wa zambarau. Mashamba yamegawanywa majaruba, mifereji ya maji inapita katikati. Akina mama wameketi wanakata mashina kwa visu, mikono inakwenda upesi kama wanahesabu pesa. Na kweli wanahesabu pesa.

Mwendesha bodaboda akanipeleka kwa mama mmoja, mtu mzima, miaka sitini hivi. Nikaamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda na uji. Akanieleza kazi ilivyo. Hapandi mbegu, anapanda punje zenyewe, moja moja, ncha ikitazama juu. Miezi mitano hivi ya kumwagilia na kupalilia. Ukiumwagilia sana mwishoni unaoza. Ukiuvuna ukauanika kwenye jua kali unaungua. Na bei haina adabu: mwaka huu unajenga nyumba, mwaka unaofuata hata gharama ya kibarua hairudi, maana mizigo ya nje imejaa mjini.

Nikamuuliza swali langu la gazeti: mama, kitunguu saumu kinatibu nini?

Akacheka. "Kimenitibu umaskini. Watoto watatu wamesoma kwa hiki. Bei ikiwa nzuri, hakuna dawa kama hii."

"Na mwilini je?"

"Tunakula. Mtoto akiwa na mafua tunamtilia kwenye supu, anatoka jasho, analala vizuri. Kinafungua hamu ya chakula. Na mboga isiyo na chumvi ya kutosha, ukitia hiki unaweza kuila."

Nikamwambia nimetoka Dar kumfuatia shangazi yangu, ana presha, anakula punje nne kila siku.

"Vizuri. Na vidonge anakunywa?"

"Ameacha."

Kisu kikasimama. Yule mama akanitazama kwa muda. Halafu akafungua fundo la kanga yake kiunoni, mahali ambapo wewe na mimi tungetegemea atoe noti, akatoa karatasi ya vidonge, nusu vimekwishaliwa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina presha mwaka wa sita. Nalala nyumba moja na magunia ya vitunguu saumu. Nakula asubuhi, nakula jioni, hata jasho langu linanuka hivyo. Kama vingetosha, hii presha ingenijulia wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwandishi mzima, kalamu mkononi, sina jibu.

"Hakukwambia kwa nini ameacha?"

Nikamweleza habari ya makala. Sikumficha. Nilitegemea anicheke au anifukuze. Yeye akaelekeza kidole kwenye kilima kilichokuwa nyuma ya zizi. "Mtandao unapatikana pale juu. Uji wako tutaufunika."

KILIMANI

Nikapanda kile kilima karibu mbio. Shangazi akapokea kwa furaha: "Umevipata?" Nikamwambia nimevipata, ila shangazi yangu, naomba ukapime presha leo. Akakasirika. Akasema hajisikii vibaya, kichwa hakimuumi, anafua mwenyewe nguo, na nani aliyeandika kwenye gazeti, yeye au mimi? Nikasema ni mimi, na nilikosea. Akakata simu.

Nikampigia binamu yangu, bintiye wa mwisho, nikamwambia sababu yoyote itakayokuja kichwani aitumie, lakini mama apelekwe zahanati. Nikateremka. Nikamalizia uji. Nikanunua kilo tano, mama akaniongeza fungu moja la bure la shangazi.

Saa moja usiku niko gesti Mbulu mjini, nimejifunika mablanketi mawili, simu ikalia. Binamu yangu. Presha ya shangazi: 192 kwa 114.

Nikafanya hesabu ya yule binti wa kwenye basi. 192 ukitoa 8 ni 184. Hata ule wastani mzuri kabisa wa kwenye tafiti, tena wa waliopewa vidonge vilivyopimwa na siyo asali ya kubahatisha, ungemwacha shangazi yangu kwenye 184, anacheka, anafua nguo, hajisikii vibaya. Maana presha ndivyo ilivyo. Wengi haiwapigii hodi. Siku inapoamua kuingia inaingia na kiharusi, mdomo upande, mkono haunyanyuki. Yeye alijisikia vizuri kwa sababu vidonge vilikuwa vinafanya kazi, akadhani amepona, akaviacha. Na mimi ndiye niliyemwandikia ruhusa.

Daktari wa zahanati alimkalisha pale kwa saa kadhaa, akamrudisha kwenye vidonge, akamwambia arudi baada ya siku chache. Usiku huo sikulala sana. Si baridi tu.

SASA NISIKILIZE VIZURI

Kwa hiyo makala ile ya mwaka jana naifuta, na hii hapa ndiyo ya kukata na mkasi.

Kitunguu saumu kule. Ni chakula kizuri, kinakupunguzia haja ya chumvi nyingi, na chumvi ni adui wa presha. Ponda, subiri dakika kumi, pika. Ukitaka kibichi, punje moja au mbili na chakula zinatosha, usitafune tumbo likiwa tupu kama mimi, kinaweza kukuunguza tumbo na kiungulia juu.

Usikipake usoni. Kuna mshikaji wangu alisikia kinaondoa chunusi, akakiponda akalala nacho shavuni. Aliamka na malengelenge kama amemwagiwa chai ya moto. Chunusi zilikuwa tatu, kovu likabaki moja kubwa. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi, si mchezo.

Wale wa kuponda na kutumbukiza kwenye chupa ya mafuta halafu inakaa dirishani wiki nzima, acheni. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria anayependa hivyo, anatengeneza sumu inayopooza mwili. Mwaka 1985 kule Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sumu hiyo kutoka mgahawa mmoja, chanzo kitunguu saumu cha kwenye mafuta. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au unakwenda kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari kama unakula kwa wingi au unameza vidonge vyake. Kitunguu saumu kinafanya damu ichelewe kuganda. Ndiyo maana hushauriwa vile vidonge viachwe wiki moja hivi kabla ya kisu.

Na wenye kutumia ARV, hapa nasema kwa herufi kubwa: USIBADILISHANE. Afrika Kusini, enzi za waziri wa afya aliyekuwa akivisifia vitunguu saumu, viazisukari vyekundu na malimau, kwenye mkutano wa UKIMWI wa Toronto mwaka 2006 banda la nchi yao lilipambwa kwa vitu hivyo na dunia ikashangaa. Na watafiti wa Marekani walikuwa wamekwishaonyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilishusha kiwango cha dawa moja ya ARV, saquinavir, mwilini kwa karibu nusu. Mboga endelea nayo. Vidonge vyake na madozi makubwa, muulize kwanza anayekupa dawa.

MAGOMENI

Kurudi, kondakta alinusa kiroba changu akaniamuru nikiweke kwenye buti. Hata huko, mpaka Segera abiria walikuwa wanaulizana nani amebeba jiko.

Nikaenda moja kwa moja Magomeni. "Hodi, shikamoo shangazi." Akaitikia marahaba, lakini ile ya kukata. Akapokea kiroba, akafungua, akanusa, uso ukalegea kidogo. "Hivi ndivyo vyenyewe," akasema. Akaenda jikoni, mimi nyuma yake kama mtoto aliyevunja sahani.

Kwenye mlango wa friji makala yangu haikuwepo. Pale pale, kwa selotepu ileile, ilikuwa imebandikwa kadi ya kliniki. Namba tatu zimeandikwa kwa kalamu ya bluu: 192, halafu 170, halafu 156. Bado hajafika anapotakiwa, ila anashuka.

Akaponda punje mbili kwenye kinu, akaziacha kando. Nikamwambia subiri dakika kumi shangazi. Akanitazama jicho moja.

"Hilo nalo umelithibitisha, au umeokota?"

Nikamwambia nimelithibitisha. Akameza kidonge chake kwa maji, akabandika sufuria ya dagaa, akanipa kisu nimenye vitunguu. Nikamenya vyote bila kubisha.

Tukutane wiki ijayo. Na wewe, mpigie shangazi yako akapime.